Je, Uso wa Mtu Ni Shahidi?

Suala lililotushughulisha katika darsa zetu za baada ya Isha ni hili: je, mtu ana haki ya kumhukumu mwenziwe kwa yale ayaonayo usoni mwake? Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo, halistahili kutiwa katika karatasi hii. Na ayatazame mambo ya mjini mwetu kwa siku saba tu, ataona si dogo. Mke huachwa kwa kuwa uso wake haukukunjuka siku mumewe aliporudi safari. Mtumishi wa nyumba hufukuzwa kwa kuwa, alipoulizwa khabari ya bangili iliyopotea, macho yalimwenda chini na maneno yakamgongana. Mjane aliyekaa eda bila ya kutoa chozi husemwa mitaa mitatu. Na mtoto wa chuoni akitabasamu huku anakemewa, huzidishiwa bakora kwa ajili ya tabasamu lile, ikasemwa ana dharau. Katika yote hayo hakuna aliyeulizwa, wala hakuna shahidi aliyesimama. Husemwa tu, "Nilimwona usoni nikajua."

Suala lenyewe si jipya. Katika mji wa Basra, zama za Khalifa Umar bin Abdul Aziz, alikuwako kadhi akiitwa Iyas bin Muawiya, ambaye sifa zake za firasa, ya'ni kuyatambua yaliyofichika kwa dalili za nje, zimejaa vitabuni. Miaka mingi baada yake kadhi mkuu mmoja wa Baghdad, naye ni wa madhehebu ya Malik, alitaka kuifuata njia ile, akawa akikata hukumu kwa firasa. Hapo akasimama Abu Bakr al-Shashi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyefariki mwaka 507 wa Hijra (1114), akaandika kitabu cha kumrudi. Khabari hii ameieleza mwanafunzi wake Ibn al-Arabi, yule kadhi wa Andalusia mwenye kitabu cha hukumu za Qur'ani, si yule sufi wa jina linalokaribiana na hilo. Naye aliafikiana na mwalimu wake kwamba firasa haijengewi hukumu. Sisi twaona al-Shashi alikuwa na haki, na maarifa ya leo juu ya ubongo yamezidi kumpa nguvu, ingawa yeye hakuyahitaji.

Basi na tuyatazame maarifa hayo.

Ubongo wa mwanadamu una sehemu makhsusi kwa kazi ya nyuso. Upande wa chini wa ubongo, kwa nyuma kidogo, na khasa kuumeni, ipo sehemu inayochangamka mtu atazamapo uso kuliko atazamapo nyumba au kiti. Nancy Kanwisher na wenziwe wa Marekani waliibainisha mwaka 1997. Na nusu karne kabla yao, mwaka 1947, daktari wa Kijerumani Joachim Bodamer alieleza khabari za watu waliodhurika ubongo, ambao macho yao yalikuwa mazima, wakiiona pua na wakiuona mdomo, lakini uso ulipojikusanya pamoja hawakuweza kuujua ni wa nani. Leo inajulikana kwamba wako pia wanaozaliwa hivyo bila ya kuumia popote, na hukadiriwa kuwa watu 2 katika kila 100. Kwa hisabu hiyo, katika msikiti wa watu 300 siku ya Ijumaa huenda wakawamo 6 wa namna hiyo, ambao ukikutana nao njiani hawakujui mpaka usikie sauti yako wewe mwenyewe ikitangulia kwa salamu. Nasi mtu huyo twamwita mwenye kiburi kwa kuwa alitupita asitusalimu! Tumeyataja haya kwa urefu kwa sababu twajua ni ugomvi wa watu wangapi ulioanzia katika salamu isiyotolewa.

Kumjua mwenye uso ni kazi moja, na kuijua hali iliyo usoni ni kazi nyingine. Miendo ya macho na mdomo hushughulikiwa zaidi na sehemu iliyo ubavuni mwa ubongo, usawa wa sikio. Na ndani kabisa, kila upande, kimo kiungo kidogo mfano wa lozi, nacho huitwa amigdala, na maana ya jina hilo kwa Kiyunani ni lozi hiyohiyo. Kiungo hiki hushughulika sana na khofu na kila lenye kutisha. Sehemu zote hizi hufanya kazi kwa haraka ya ajabu. Kabla ya moja ya tano ya sekunde kupita, ubongo umekwisha kutambua kwamba kilicho mbele yake ni uso.

Haraka hiyo ndiyo neema na ndiyo mtihani. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu nyuso wasizozijua kwa muda wa moja ya kumi ya sekunde, kisha wakawauliza: huyu ni mwaminifu? Watu wakajibu. Wengine walipopewa muda mrefu zaidi wa kutazama, majibu yao yalikuwa karibu na yaleyale. Kilichozidi ni yakini yao juu ya majibu hayo. Twamwomba msomaji asimame hapa kidogo. Sisi hudhani kwamba tukimtazama mtu sana ndipo tunapomjua, kumbe mara nyingi kutazama kule hakukuongeza ilimu yoyote, kumeongeza ukaidi wetu tu.

Na hapa ndipo suala la lawama linapoingia. Wazo la kwanza humjia mtu bila ya hiari, na kwa lisilo la hiari hakuna lawama. Hakuna awezaye kuuzuia ubongo wake usiseme neno ndani ya moja ya kumi ya sekunde. Lakini kulichukua neno lile na kulijengea talaka, au kufukuza, au kusema mitaani, hilo ni tendo lililopita katika nia ya mtu, na kwa hilo ataulizwa. Wenye kujitetea kwa kusema "moyo wangu uliniambia" wachanganya mambo mawili haya, la kwanza wakalifanya udhuru wa la pili.

Madhara yake si madogo. Mwaka 2015 John Paul Wilson na Nicholas Rule walichukua picha za wafungwa zaidi ya 700 wa jimbo la Florida, wote wamepatikana na hatia ya kuua, nusu yao wamehukumiwa kufa na nusu kufungwa maisha. Wakawaonyesha watu wasiojua lolote juu ya kesi zao, na kuwataka wapime uaminifu wa kila uso. Nyuso zilizoonekana si za kuaminika zilikuwa zaidi miongoni mwa waliohukumiwa kufa. Wakatazama tena watu waliokuwa wamehukumiwa na baadaye ikathibiti kwamba hawakutenda kosa, na kule nako mambo yakawa vivyo hivyo. Ya'ni sura haikuwa ikieleza ubaya wa tendo, maana tendo lenyewe halikuwako. Mtu alizaliwa na pua ile na macho yale, ikamgharimu.

Ama uso wenyewe unaotazamwa, nao una mambo yake. Huenda tukadhani uso ni dirisha, kinachoonekana ni kilichomo ndani. Lakini misuli ya uso ina mabwana wawili. Iko njia ya hiari, itokayo sehemu ya juu ya ubongo, ambayo kwayo mtu hutabasamu akiambiwa tabasamu. Na iko njia nyingine, itokayo ndani zaidi, ambayo kwayo tabasamu humtoka mtu mwenyewe akifurahi. Madaktari waliyajua haya kwa wagonjwa wa kiharusi. Yuko ambaye akiambiwa, "Tuonyeshe meno," upande mmoja wa mdomo hautii, lakini akisikia jambo la kuchekesha uso wote hukunjuka sawasawa. Na yuko aliye kinyume chake, akiamrishwa hutabasamu vyema, lakini akicheka kweli upande mmoja hubaki kama ulivyo. Daktari wa Kifaransa Duchenne, katika kitabu chake cha mwaka 1862, alikuwa akiigusa misuli ya uso wa mzee mmoja kwa umeme, akasema kwamba tabasamu la kweli hukaza misuli inayozunguka jicho, na kwamba misuli hiyo haitii amri ya mtu. Kwa zaidi ya miaka mia watu wakaishika kauli yake kama mizani ya kumjulia mnafiki. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba watu wengi waweza kuikaza misuli ile wapendapo, kwa hiyo mizani hiyo nayo haikutimia.

Kisha wako wasio na uwezo na nyuso zao. Mwenye maradhi ya Parkinson uso wake hukauka kidogo kidogo mpaka ukawa kama kinyago, na ndani yake ana furaha na huzuni kama sisi. Wako wanaozaliwa na neva za uso zisizofanya kazi, hawajapata kutabasamu hata siku moja, si kwa mama wala kwa arusi zao. Mzee wa namna hii akikaa barazani husemwa amekuwa mkali, wajukuu wakamwogopa, na mwisho akaachwa peke yake katika siku anazohitaji watu zaidi.

Twaja sasa kwenye hoja kubwa ya wenye kutegemea nyuso. Wao husema kwamba lugha ya uso ni moja kwa wanadamu wote, Mungu ameiweka katika maumbile, kwa hiyo mwenye kuisoma hakosei. Hoja hii ina msingi. Darwin aliandika juu yake mwaka 1872, baada ya kupeleka maswali kwa watu wa nchi nyingi. Na mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Paul Ekman alikwenda kwa watu wa Fore, katika milima ya Papua New Guinea, ambao walikuwa hawakuchanganyika na Wazungu ila kidogo. Akawasomea visa vifupi, kama mtu aliyefiwa na mwanawe au aliyetokewa na nguruwe mwitu, na kuwataka wachague picha ya uso unaofaa. Wengi wakachagua kama angalivyochagua mtu wa Marekani, isipokuwa uso wa khofu na uso wa mshangao hawakuzipambanua. Kwa hayo ikasemwa kwamba ziko hisia sita zinazojulikana usoni duniani kote: furaha, huzuni, hasira, khofu, mshangao na kinyaa.

Lakini waliokuja baadaye walibadilisha namna ya kuuliza. Hawakuwapa watu majina ya kuchagua, bali waliwaacha waseme au wapange wenyewe. Kwa Wahimba wa Namibia, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, watu hawakuzipanga picha katika mafungu yale sita. Katika visiwa vya Trobriand, vya Papua New Guinea hiyohiyo, mwaka 2016 uso ambao vitabu vyasema ni wa mwenye kuogopa, macho yamekodoka na mdomo wazi, wenyeji walisema ni uso wa mwenye kutishia watu. Na hapa jirani, kwa Wahadza wa kaskazini ya Tanzania, ambao hadi leo hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda na kuchuma, utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulipata ushahidi mdogo tu wa lugha moja ya nyuso. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenziwe wanne walikusanya tafiti zipatazo elfu moja wakazipima. Wakaona kwamba mtu wa mjini akikasirika huukunja uso chini ya mara 30 katika 100. Zile mara nyingine 70 hufanya jambo jingine: hunyamaza, hulia, huenda hata akacheka. Na mwenye kuukunja uso pengine hana hasira kabisa. Anafikiri, au jua limempiga machoni, au tumbo lamsumbua.

Sisi hatusemi kwamba hakuna kilicho cha maumbile katika uso. Mtoto mchanga hulia kabla hajafundishwa na yeyote. Tusemalo ni kwamba kati ya moyo na uso kuna kitu kinachopita, nacho ni ada za watu na mazingira yao, na msomaji wa uso asiyejua ada hizo amesoma maandiko ya lugha nyingine. Huyo mtumishi aliyeinamisha macho amefundishwa tangu utotoni kwamba kumkodolea macho mkubwa wake ni utovu wa adabu. Akiinamisha, husemwa ni mwizi, na akikodoa, husemwa hana haya. Afanyeje? Ama yule mtoto wa chuoni, khabari yake yasikitisha zaidi. Mwaka 1995 Mmarekani Dacher Keltner alieleza kwa utaratibu namna uso wa mwenye kuona haya unavyokwenda: macho huanguka chini, kisha hutokea tabasamu ambalo mwenyewe hujaribu kulizuia, kisha kichwa hugeuzwa, na pengine mkono ukapelekwa usoni. Tabasamu lile, basi, mara nyingi ni haya yenyewe. Mwalimu alikuwa akikemea ili mtoto aone haya, mtoto akaiona, naye akampiga kwa kuiona. Na juu ya mjane asiyelia, yatosha kusema kwamba Keltner huyo pamoja na George Bonanno waliwatazama wafiwa mwaka 1997, wakakuta waliocheka kicheko cha kweli walipokuwa wakimtaja marehemu ndio waliokuwa na nafuu zaidi ya dhiki. Wasemaji wa mitaani hawana kipimo cha huzuni ya mtu.

Huenda mtu akasema kwamba yeye ni mzoefu, ametazama nyuso dukani miaka 20, na mwongo hampiti. Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya mwaka 2006 majaribio ya watu zaidi ya 24,000 waliotakiwa kupambanua ukweli na uwongo kwa kumtazama na kumsikiliza msemaji. Walipatia mara 54 katika 100. Mwenye kurusha shilingi hewani hupatia 50. Na serikali yenye mali kuliko zote ilipojaribu, haikufika mbali. Marekani ilitia kiasi cha dola milioni 900 tangu mwaka 2007 katika mpango wa kuwaweka maofisa viwanja vya ndege wakitazama nyuso na mienendo ya abiria ili wamjue mwenye nia mbaya. Mwaka 2012 baadhi ya maofisa wenyewe wa Boston walilalamika kwamba wenzao walikuwa wakiwachagua watu kwa rangi na asili zao, wakiwamo wenye asili ya Mashariki ya Kati. Na mwaka 2013 wakaguzi wa Bunge la nchi hiyo wakatoa ripoti kwamba uwezo wa mtu kumjua mdanganyifu kwa dalili hizo ni sawa na bahati, au umeizidi kidogo tu, wakashauri fedha za mpango huo zipunguzwe. Msomaji aliyepata kuwekwa kando uwanjani kwa ajili ya ndevu zake au buibui la mkewe hahitaji kuelezwa zaidi.

Siku hizi kazi hiyo yatakwa ifanywe na mitambo. Kamera hutazama uso wa mfanyakazi au wa mwanafunzi, na mashine ikatoa neno: huyu ana hasira, huyu hasikilizi. Mashine haikufundishwa na malaika. Imefundishwa kwa picha ambazo watu wamezibandika majina, kwa hiyo yajua dhana zetu tu, nayo huzisema bila ya haya. Umoja wa Ulaya umeyaona hayo, ukatunga sheria, na tangu tarehe 2 Februari 2025 ni marufuku katika nchi zake kukisia hisia za watu kwa mitambo hiyo makazini na mashuleni, isipokuwa kwa sababu za matibabu au usalama. Wazee na walimu wa huku kwetu wafaa kuijua khabari hiyo kabla ya kushawishiwa na wauzaji wa kamera.

Tutaulizwa: basi tusitazamane nyuso? La hasha. Mwaka 1978 Edward Tronick na wenziwe walieleza jaribio ambalo mama alicheza na mwanawe mchanga, kisha kwa dakika chache akaukausha uso wake asionyeshe lolote. Mtoto alijaribu kumrejesha kwa tabasamu, akatazama kando, akarudi, kisha akavunjika moyo. Uso ndio riziki ya kwanza ya mtoto baada ya maziwa, na mtu mzima naye haachi kuihitaji. Kutazama uso wa mwenzio na kuona huenda ana jambo, ukamwuliza, "Kulikoni?" na ukalisikiliza jibu lake, hilo ni wema. Tunalolikataa ni kuona huenda ana jambo, kisha jambo lenyewe ukamtungia wewe.

Na uso unaopasa mtu kuuhisabu kwanza ni wake mwenyewe. Wenye ilimu wajua Sura ya Abasa ilishuka kwa sababu gani. Ulikunjwa uso mbele ya mtu aliyekuwa haoni, Abdullah bin Umm Maktum, ambaye kwa upofu wake hakuuona uso ule wala haukumwumiza, na hata hivyo neno likashuka kwa ajili yake. Sisi twahangaika na nyuso za watu ambazo hatuna khabari ya yaliyo nyuma yake, na huo mmoja ambao twajua kilicho nyuma yake hatuujali.

Tumalizie kwa khabari ya mwanamke mmoja wa Marekani, ambaye katika vitabu hutajwa kwa herufi mbili tu, S.M., ili asijulikane. Maradhi yasiyopatikana ila kwa nadra yaliziharibu lozi zile mbili za ubongo wake. Mwaka 1994 Ralph Adolphs na wenziwe waliandika kwamba aliweza kuwatambua watu kwa nyuso zao bila ya taabu, lakini uso wenye khofu hakuujua ni wa nini. Wengi wakadhani kwamba ilimu ya khofu imemtoka. Mwaka 2005 wakagundua jingine: hakuwa akiyatazama macho. Alipoambiwa, "Yatazame macho," akaujua uso wa khofu kama watu wengine. Wakamwacha bila ya kumwambia, akarejea kule kutoyatazama, asiujue tena. Ikawa kila mara lazima akumbushwe.